Maswali Yenu: Hewa Ina Nini, na Inaishia Wapi?

Barua za toleo hili zimeegemea zaidi kwenye hewa na angahewa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanashikana, kwa sababu kosa linalojitokeza ndani yake ni lile lile: mtu anashika asilimia, anasahau kiasi. Asilimia 21 ya kingi na asilimia 21 ya kidogo si mamoja.

SWALI: Kila kitabu kinasema hewa ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Ni kwa uzito au kwa ujazo? Na ile moja iliyobaki ni nini? — Mwanachuo wa ualimu

JIBU: Ni kwa ujazo, tena kwa hewa kavu, yaani iliyoondolewa mvuke wote wa maji. Kwa usahihi zaidi nitrojeni ni 78.08, oksijeni 20.95 na agoni 0.93. Jumlisha hizo tatu utapata 99.96. Kwa hiyo hiyo "moja iliyobaki" karibu yote ni agoni, wala si kaboni dayoksaidi (hewa ukaa) kama wengi wanavyojibu kwenye mitihani. Hewa ukaa ni kama asilimia 0.042, na wapimaji huitaja kuwa sehemu 420 na ushei katika kila milioni. Neoni ni sehemu 18 kwa milioni, heliamu 5, methani karibu 2, kriptoni 1.

Kwa uzito hesabu inabadilika kidogo, maana molekuli ya oksijeni ni nzito kuliko ya nitrojeni: nitrojeni 75.5, oksijeni 23.1, agoni 1.3.

Asilimia hizi hazishikiki mpaka uziweke kwenye mizani. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3, usawa wa bahari, nyuzi joto 25. Hewa kavu ya kukijaza ina uzito wa kilo 57 hivi, uzito wa mtu mzima. Humo nitrojeni ni kilo 43, oksijeni kilo 13, agoni karibu robo tatu ya kilo. Hewa ukaa yote ya chumba kizima haifiki gramu 40, na neoni haifiki gramu moja. Mvuke wa maji haumo katika hesabu hiyo kwa sababu hautulii: jangwani unaweza kukaribia sifuri, kwenye joto na unyevu mwingi ukafika asilimia 4. Katika chumba chetu, unyevu ukiwa asilimia 60, maji yanayoelea bila kuonekana yanazidi nusu lita. Ndiyo maana majedwali yote huandikwa kwa hewa kavu; vinginevyo kila siku ingehitaji jedwali lake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tulifunika mshumaa kwa bilauri juu ya sahani ya maji. Ulizimika, maji yakapanda ndani. Tumeambiwa yamejaza nafasi ya oksijeni iliyokwisha, ndiyo ile moja ya tano. Lakini tulipowasha mishumaa mitatu maji yalipanda zaidi. Je, oksijeni iliongezeka? — Mwanafunzi wa kidato cha pili

JIBU: Marahaba. Umeona jambo ambalo vitabu vingi vya shule vimelipita bila kulitazama. Jaribio hilo linapendeza machoni, lakini halipimi oksijeni hata kidogo.

Kwanza, mshumaa haumalizi oksijeni. Huzimika oksijeni ikishuka kutoka 20.95 hadi kwenye 16 hivi. Zaidi ya robo tatu bado imo ndani ya bilauri. Pili, oksijeni iliyotumika haikuacha nafasi tupu. Kwa kila molekuli tatu za oksijeni zinazochoma nta, takriban molekuli mbili za hewa ukaa hutokea, pamoja na mvuke ambao hugeuka matone kwenye kuta za bilauri. Hewa ukaa huyeyuka katika maji, lakini polepole kuliko muda mliosubiri. Piga hesabu: zimeondoka sehemu 5 katika 100, zimerudi zaidi ya 3. Upungufu wa kweli haufiki hata 2. Moja ya tano imetoka wapi?

Imetoka kwenye joto. Ulipoishusha bilauri juu ya mwali, hewa iliyonaswa ilikuwa tayari imepashwa na kutanuka, na nyingine ilitoka kwa viputo ukingoni. Mwali ukizimika hewa hupoa na kusinyaa. Hewa ya nyuzi 87 ikipoa hadi 27 hupoteza moja ya sita ya ujazo wake. Mishumaa mitatu hupasha hewa nyingi zaidi, basi maji hupanda zaidi. Kama ingekuwa ni oksijeni, idadi ya mishumaa isingebadilisha kitu. Rudia tena na utazame kwa makini: maji hupanda kwa kasi zaidi baada ya mwali kuzimika, wakati hakuna tena kinachotumia oksijeni.

Mkitaka kuipima kwa kweli, tumieni kutu. Kutu hula oksijeni mpaka ikwishe, haitoi gesi yoyote badala yake, na haipashi hewa kwa kiasi cha kuleta shida. Fanyeni hivi.

Tafuteni silinda ya kupimia ya mililita 100 na gramu 1 hadi 2 za sufi laini ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, isiyotiwa sabuni. Ilowekeni kwenye siki kwa dakika mbili ili kutoa mafuta ya kiwandani, kisha isuuzeni kwa maji safi na kuikung'uta. Usuuzaji huu msiuruke: siki ikibaki hula chuma na kutoa hidrojeni, na hidrojeni husukuma maji chini wakati nyinyi mnasubiri yapande. Ichambueni sufi itawanyike, muisukumize hadi chini ya silinda, mlowanishe kuta za ndani, kisha muipindue mdomo chini katika beseni la maji. Acheni dakika kumi hewa ya ndani ilingane joto na maji na ijae mvuke, ndipo mwandike usomaji wa kwanza. Mkianza na hewa kavu ikaja kujaa mvuke baadaye, mvuke huo utawadanganya kwa zaidi ya mililita moja.

Iacheni mpaka maji yasimame pale pale kwa saa kadhaa. Kwa kawaida siku moja inatosha; sufi iliyobanwa donge huchukua muda zaidi, maana oksijeni haifiki katikati. Kabla ya kusoma mara ya pili, zamisheni silinda zaidi au ongezeni maji kwenye beseni mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Maji yaliyosimama sentimita 10 juu ya beseni huivuta hewa ya ndani na kuitanua kwa karibu asilimia 1. Soma pia kipimajoto: tofauti ya nyuzi 3 kati ya jana na leo ni asilimia 1 nyingine. Mkifuata hayo mtapata upungufu wa 20 hadi 21 katika 100, na mkiongeza sufi maradufu jibu litabaki lile lile. Hiyo ndiyo dalili kwamba mnachopima ni oksijeni.

SWALI: Juu ya milima mirefu oksijeni hupungua hadi asilimia ngapi? — Mpanda milima

JIBU: Haipungui. Kileleni Everest, mita 8,849, oksijeni ni 20.95 vile vile. Kinachopungua ni hewa yenyewe.

Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1,013 kwa wastani. Sehemu ya oksijeni humo ni 212. Kwenye mita 5,500 mgandamizo umebaki nusu. Everest umebaki kama 337, theluthi moja, na sehemu ya oksijeni ni 71 tu. Lakini mwilini hali ni mbaya kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Hewa ikifika mapafuni hujazwa mvuke wa maji wa joto la mwili, na mvuke huo huchukua hektopaskali 63 popote ulipo, bondeni au kileleni. Ondoa 63 kwenye 1,013 hutaona tofauti. Ondoa 63 kwenye 337 umepoteza karibu moja ya tano. Oksijeni ya hewa inayoingia mapafuni hushuka kutoka 199 hadi 57. Reinhold Messner na Peter Habeler walifika kileleni mwaka 1978 bila mitungi ya oksijeni, jambo ambalo kabla ya hapo baadhi ya wataalamu wa mwili waliona haliwezekani. Ukiendelea kupanda hadi kama kilomita 19, mgandamizo wote wa hewa ni 63 hiyo hiyo, na maji yenye joto la mwili huchemka. Hapo hata oksijeni safi puani haisaidii bila suti au chumba chenye mgandamizo.

Kwa sababu hiyo hiyo maji huchemka mapema ukipanda: takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 3,000 huchemka kwenye nyuzi 90, na kuongeza moto hakuyapandishi zaidi.

SWALI: Ikiwa hewa ukaa ni nzito kuliko hewa, mbona haijazama yote chini ikatuua? Na sisi wachimba visima tunashusha mshumaa kwanza, usipozimika tunaingia. Je, inatosha? — Fundi wa visima

JIBU: Tuanze na la pili, fundi, maana ni la uhai. Haitoshi, na tunakuomba uache leo.

Mshumaa huzimika oksijeni ikikaribia 16. Kwa kazi ya ndani ya shimo, kiwango cha kutoshuka chini yake ni 19.5. Kati ya namba hizo mbili mshumaa unawaka na wewe uko hatarini. Mbaya zaidi ni hewa ukaa yenyewe. Ikifika asilimia 4 kisimani ni hatari ya papo hapo, lakini imesukuma oksijeni kutoka 20.95 hadi 20.1 tu, na mshumaa utaendelea kuwaka. Ikifika 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache. Kuna pia monoksaidi ya kaboni, ambayo mshumaa hauioni kabisa. Na methani, ambayo mwali wako utailipua.

Kinachotakiwa ni kipimagesi kinachosoma oksijeni, gesi zinazolipuka, monoksaidi ya kaboni na salfidi ya hidrojeni, pamoja na kihisi cha hewa ukaa ambacho vifaa vingi vya gesi nne havina, basi uliza kabla ya kununua. Kishushwe kwa kamba, kisomwe juu, katikati na chini kabisa. Feni ya kupuliza iwe na bomba refu linalofika karibu na sakafu ya kisima. Ikipuliza mdomoni tu, hewa nzito ya chini haisogei. Pima tena baada ya kila mapumziko. Kisima kilichokuwa salama asubuhi huweza kujaa mchana, kwa sababu mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya mvua, gesi iliyo ndani ya udongo hutoka na kumiminikia shimoni. Pampu ya petroli isishushwe ndani hata kwa dakika tano. Na mwenzako akianguka, usimfuate bila kifaa cha kupumulia: aliyeko chini avutwe kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda wake tangu alipoingia. Katika ajali nyingi za namna hii wanaokufa ni wawili au watatu, na wa pili ni yule aliyeshuka kuokoa.

Sasa la kwanza. Gesi zikishachanganyika hazijitengi zenyewe kwa uzito, na upepo na hewa ya joto inayopanda haviishi kuzikoroga. Kuanzia ardhini hadi karibu kilomita 100 mchanganyiko wa nitrojeni, oksijeni na agoni ni ule ule. Hewa ukaa hutuama pale tu inapotoka kwa wingi mahali pamoja pasipo upepo: shimo, pango, pishi, bonde lenye volkano. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilifoka hewa ukaa iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya kina. Ilitiririka mabondeni usiku na kuua watu wapatao 1,700.

SWALI: Ukipanda juu unakaribia jua. Kwa nini basi kunakuwa baridi? Na baridi hiyo inaendelea hadi wapi? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Kupanda kilomita 10 hakukukaribishi kwa lolote. Mwanga mwingi wa jua hupita hewani bila kuipasha, hupasha ardhi na bahari, na hewa hupashwa kutoka chini. Hewa iliyopashwa hupanda, hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na kutanuka huko kunakula joto lake. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kilomita. Yenye unyevu hupoa kidogo kuliko hapo, kwa kuwa mvuke unapogeuka wingu hurudisha joto. Wastani wa dunia ni nyuzi 6.5 kwa kilomita.

Hili ndilo tabaka la kwanza, troposfia. Kwenye ikweta lina unene wa kilomita 16 hadi 18, kwenye ncha za dunia 8 hivi. Linabeba karibu robo tatu au zaidi ya uzito wote wa hewa na karibu mawingu na mvua zote. Watu hushangaa wakisikia kwamba kilele cha troposfia kilicho baridi kuliko vyote kiko juu ya ikweta, kama nyuzi 80 chini ya sifuri, wakati juu ya ncha ni kama 50 hadi 60 chini ya sifuri. Sababu ni unene tu: kwenye ikweta hewa hupanda mara mbili zaidi kabla ya kusimama, basi hupoa mara mbili zaidi.

Halafu kushuka kwa joto kunakoma. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alirusha maputo zaidi ya 200 yenye vipimajoto karibu na Paris. Aliona kwamba kupita kilomita 11 joto haliendelei kushuka. Kwa kuhofia kwamba jua linapasha vyombo vyake, alirusha mengine usiku; matokeo yakawa yale yale, akayatangaza mwaka 1902. Mjerumani Richard Assmann alifikia jambo hilo hilo mwaka huo huo. Tabaka hilo ni stratosfia, linafika kilomita 50, na ndani yake joto hupanda hadi kukaribia sifuri, kwa kuwa ozoni hunyonya mionzi ya urujuanimno. Hewa ya joto ikiwa juu ya hewa baridi haina haja ya kupinduka, kwa hiyo huko hakuna mvua ya kuosha vumbi. Majivu laini na matone ya asidi ya volkano kubwa hukaa mwaka mmoja au miwili.

Kutoka kilomita 50 hadi 85 ni mesosfia. Ozoni imekwisha, joto hushuka tena hadi nyuzi 90 chini ya sifuri na zaidi. Hapana baridi kama hiyo kwingine katika angahewa. Vimondo vingi huungulia hapo na juu kidogo.

Juu yake ni thermosfia, na hapa asilimia na nyuzi zote hudanganya. Joto lake hufika nyuzi 500 hadi 2,000 kutegemea hali ya jua. Ungeganda hata hivyo. Nyuzi za joto hupima kasi ya molekuli, na huko kila molekuli inakwenda kasi mno, lakini ni chache kiasi kwamba haziwezi kukupasha kwa haraka kama mwili wako unavyopoteza joto kwa mnururisho. Kwenye kilomita 100 mgandamizo hautimizi hata sehemu moja kwa milioni ya ule wa ardhini. Ndipo ulipo mstari wa Kármán, mpaka ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa anga za mbali. Hewa haiujui mpaka huo. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinazunguka kwenye kilomita 400 na ushei, bado kinakwaruzwa na hewa, na hulazimika kusukumwa juu kila mara. Februari 2022 dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua iliitanua thermosfia. Setilaiti nyingi kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni zilivutwa chini na kuungua.

Mwisho kabisa ni eksosfia, kuanzia kilomita 600 hivi, ambako hidrojeni na heliamu huponyoka moja moja kwenda zao. Heliamu huzalishwa kila siku ndani ya miamba na hata hivyo hewani ni sehemu 5 tu kwa milioni. Sasa unajua inakokwenda.

SWALI: Ozoni ni rafiki au sumu? Nasikia yote mawili. — Muuguzi

JIBU: Yote mawili ni kweli, inategemea iko wapi. Nyingi iko kati ya kilomita 15 na 35. Hata pale ilipo nyingi haizidi sana sehemu 10 kwa milioni. Ukiikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako na kuishusha kwenye mgandamizo wa ardhini, itakuwa tandiko la unene wa milimita 3. Tandiko hilo ndilo linalozuia sehemu kali ya urujuanimno. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za klorini za majokofu na makopo ya kupulizia zingeiharibu. Mwaka 1985 watafiti Waingereza wakatangaza upungufu mkubwa juu ya Antaktika, na Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987.

Ardhini hutengenezwa na jua kali likiangukia moshi wa magari na viwanda, nayo huchoma njia za pumzi. Siku ya jua na msongamano wa magari, kilele chake ni alasiri, basi mwenye pumu afanye mazoezi yake alfajiri.

SWALI: Hewa yenye unyevu mwingi huhisiwa nzito. Ni kweli ni nzito? — Rubani mwanafunzi

JIBU: Ni nyepesi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, wastani wa hewa kavu ni 29. Mvuke ukiingia, molekuli nzito zimempisha mwepesi. Unachohisi ni jasho lisilokauka. Wewe kama rubani lichukulie kwa uzito: joto, unyevu na mwinuko vyote vinapunguza hewa inayobeba mabawa na inayoingia kwenye injini, na njia ya kurukia inahitaji kuwa ndefu zaidi.

SWALI: Agoni haina kazi mwilini, haiungani na kitu. Nani aliigundua, na imetoka wapi? — Mwalimu wa kemia

JIBU: Iligunduliwa na mizani. Lord Rayleigh alipima chupa moja ile ile ikiwa na nitrojeni iliyotolewa hewani, akapata gramu 2.310. Akaijaza nitrojeni iliyotengenezwa kwa kemikali, akapata 2.299. Tofauti ni gramu 0.011, mwingine angeilaumu mizani yake. Yeye na William Ramsay waliifuatilia. Ramsay aliipitisha nitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu ya moto mpaka ikanywewa yote, ikabaki gesi isiyonywewa. Wakaitangaza mwaka 1894, na mwaka 1904 Rayleigh akapata Nobeli ya fizikia, Ramsay ya kemia. Henry Cavendish alikuwa ameiona gesi hiyo, kiputo kidogo kilichobaki, mwaka 1785, akaandika kwamba hakizidi sehemu moja kwa 120 ya nitrojeni. Namba yake haikuwa mbali sana na ukweli, ila hakuna aliyeifuata kwa zaidi ya miaka mia.

Asili yake ni miamba. Potasiamu-40, aina ya potasiamu isiyotulia, huoza polepole, nusu yake ikiisha kwa miaka bilioni 1.25, na takriban moja ya tisa ya atomu zinazooza hugeuka agoni-40. Zaidi ya asilimia 99 ya agoni unayovuta ni hiyo. Ni nzito mno kuponyoka kama heliamu, kwa hiyo imejilimbikiza.

SWALI: Misitu ikikatwa oksijeni itatuishia? — Mwanaharakati wa mazingira

JIBU: Hapana, na ni vizuri hoja hii iachwe kwa sababu inaangushwa kirahisi. Msitu uliokomaa hutoa oksijeni na huitumia karibu yote wenyewe, kwa kupumua na kwa majani yanayooza. Akiba ya hewani ni kubwa mno. Vipimo vinaonyesha inapungua kwa takriban sehemu 4 kwa milioni kila mwaka, kati ya sehemu 209,500. Tatizo liko kwenye gesi ndogo. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 kwa milioni. Vipimo vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 ilikuwa 315. Sasa imepita 420. Kiasi kile kile cha moshi kinachoinyofoa oksijeni bila mtu kutambua kimeiongeza hewa ukaa kwa nusu nzima. Tetea misitu kwa hoja ya kaboni, mvua na udongo.

SWALI: Kwa nini usiku redio yangu inanasa stesheni za mbali ambazo mchana hazipo? — Msikilizaji

JIBU: Kati ya kilomita 60 na 90 juu yako mionzi ya jua hunyofoa elektroni kutoka kwenye molekuli. Mafundi wa redio huliita eneo hilo tabaka D. Hewa pale bado ni nzito kiasi, basi elektroni zikitikiswa na wimbi la redio hugongana na molekuli na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto. Mawimbi ya kati, kilohezi 530 hadi 1,600, hufia hapo mchana kutwa, na unabaki kusikia stesheni ambayo wimbi lake limetambaa ardhini.

Jua likizama, elektroni za D hurudi kwa wenyewe ndani ya dakika chache. Za juu zaidi, kuanzia kilomita 100 kwenda juu, haziishi zote: za tabaka E hufifia, za tabaka F hubaki kwa saa nyingi kwa sababu hewa ni chache na kukutana ni bahati. Wimbi sasa linapita D bila kunyonywa, linapindishwa na kurudi ardhini mamia au hata zaidi ya elfu ya kilomita kutoka lilikotoka. Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa tabaka E mwaka 1924. FM haiguswi na haya: kwa megahezi 88 hadi 108 wimbi hupenya lote na kwenda zake.

Kwa mawimbi mafupi, mchana tafuta kwenye bendi za mita 19 na 16, usiku hamia mita 49 na 41. Sauti ikipanda na kushuka, mawimbi mawili yaliyopita njia tofauti yanafutana. Mawimbi mafupi yakinyamaza yote ghafla mchana kwa nusu saa, huenda ni mlipuko kwenye jua umeijaza D. Redio haina kosa. Na kwenye mawimbi ya kati kuvuta antena ya nje hakusaidii, kwa kuwa kinachonasa ni kijiti cha feraiti (antena ya ndani) kilicholazwa ndani ya redio. Izungushe redio yenyewe taratibu, robo mzunguko, mpaka stesheni unayoitaka izidi na ile inayoifunika ififie.